Usiamini Bisibisi ya Taa Peke Yake

Ndugu mkulima, mashine yako ya kukatia majani ya ng'ombe imekataa kuzunguka. Unachukua ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, unagusa waya, kitaa hakiwaki. Je, waya huo hauna stima? Ngoja kwanza.

Yafaa ujue jinsi kitaa hicho kinavyowaka. Stima huingia kwa ncha, hupita katika kizuizi kidogo, kisha katika kitaa, halafu katika kidole chako kilichogusa chuma cha nyuma, na mwili wako, mpaka ardhini. Kizuizi hicho hupunguza nguvu ya volti 240 hata usiisikie. Basi ukisahau kugusa kile chuma cha nyuma, kitaa hakitakupa habari ya kweli. Ukivaa viatu vya mpira, au ukipanda ngazi ya mbao kavu, huenda kikawaka kwa unyonge tu, na penye jua kali usikione kabisa. Waya unaua vile vile. Bisibisi iliyolowa maji au kupasuka mpini, itupe.

Wako wanaopima kwa balbu. Hiyo ni njia mbaya zaidi. Waya wa kurudisha stima ukiwa umekatika mahali, balbu haitawaka hata kidogo, na kumbe waya wa moto una stima tele. Nayo kalamu ya betri, ile inayolia bila kugusa waya, betri ikiisha hunyamaza. Na waya uliomo ndani ya bomba la chuma haiutambui.

Fanya hivi. Jaribu bisibisi yako kwanza mahali unapojua pana stima. Toa fyuzi ya njia ile unayoishughulikia, uitie mfukoni, asije mtoto akairudisha. Pima kila waya, si mmoja tu. Halafu rudi ujaribu bisibisi tena pale pa kwanza. Kama sasa haiwaki, basi imekufa katikati ya kazi, na yote uliyopima ni bure. Hata ikiwaka, kufungua mota mwachie fundi mwenye leseni. Yeye ana kipimo cha nyaya mbili, tena hapimi mara moja.

Vyombo hivi ni vya stima ya nyumbani. Waya wa nguzo ukianguka shambani, usiupime kwa kitu chochote. Wazuie watoto na ng'ombe wakae mbali, ukapeleke habari Kenya Power upesi.