Njia ya Kutembelea Kwenye Mdomo wa Tangi: Nani Anaibeba?



Vikundi vingine vya maji vina tangi la chuma lisilo na kifuniko, lile la kutuliza maji ya mto kabla hayajaingia kwenye chujio la mchanga. Lazima mtu apande juu atie shabu, aopoe majani na kuangalia tope limefika wapi. Kwa hivyo watu hutaka njia ya kutembelea pale mdomoni. Shida ni kwamba pesa na mawazo yote huishia kwenye tangi, na hiyo njia hutengenezwa mwisho kwa vyuma vilivyobaki.

Kikundi kimoja nilichotembelea kilifanya hivyo. Fundi alichomelea mikono mitatu ya chuma pale mdomoni, akalaza mbao juu, basi. Tangi likiwa limejaa, kazi ilionekana safi. Siku ya kuliosha, maji yote yakafunguliwa na akina mama wawili wakapanda na ndoo zao. Mdomo ukavutwa nje, bati la chini yake likabonyea ndani, mbao zikainama. Mama mmoja aliteleza akavunjika mkono. Halafu kwenye mkutano nikasikia wazee wakisema ati hao akina mama ni wazito! Uzito wao haukuwa na kosa.

Shika ndoo ya maji karibu na mwili, kisha nyoosha mkono uishike mbali. Ndoo ni ile ile lakini bega linalia. Ukuta wa tangi nao ni bega. Tuseme watu wawili na ndoo zao ni kilo 160, na wamesimama mbele ya mkono mmoja, sentimita 60 kutoka ukutani. Kama mkono huo umeshika ukuta kwa kimo cha sentimita 20 tu, pale juu ukuta unavutwa nje kwa nguvu kama ya kilo 480, na pale chini unasukumwa ndani kwa nguvu hiyo hiyo. Ukiweka mguu wa mshazari unaoshuka sentimita 60, nguvu hiyo inakuwa kilo 160. Na hakuna mtu aliyekonda.

Jambo la pili ni mdomo wenyewe. Chukua kopo la bati lenye kifuniko, ulibonyeze ubavuni. Ni gumu. Toa kifuniko, ubonyeze tena pale mdomoni, utaona linakuwa kama yai. Sufuria hukunjwa mdomo kwa sababu hiyo. Tangi lililo wazi linahitaji pete ya chuma cha pembe, chenye umbo la L, kuzunguka juu lote bila kukatika. Maji yakijaa husukuma ukuta pande zote na kuusaidia kubaki mviringo. Likiwa tupu, bati la milimita 3 liko peke yake, hata upepo mkali waweza kulibonyeza. Kwa hivyo usidanganyike na tangi lililojaa.

Kama mikono itashikwa ukutani, fundi asiichomelee juu ya bati tupu. Kwanza aweke kipande cha bati nene kilichoviringwa pembe, akichomelee kuzunguka chote ili maji yasiingie nyuma na kuleta kutu, ndipo mkono ukae juu yake. Kazi hii ifanywe kabla ya kutia maji, na rangi ipakwe hata upande wa ndani palipoungua.

Lakini mimi ningewashauri njia isimame kwa nguzo zake yenyewe. Si lazima izunguke tangi lote. Mita 2 pale pa kutilia shabu zatosha, na nguzo nne. Hapa kuna mtego mmoja. Tangi la upana wa mita 4 na kina cha mita 3 hubeba karibu lita 37,700, yaani karibu tani 38. Kila mita moja ya mraba ya udongo chini yake inabeba tani 3. Tangi hilo litazama kidogo, nguzo hazitazama sawa nalo. Mkizifunga pamoja, moja litamvuta mwenzake. Acheni nafasi ya vidole viwili kati ya njia na ukuta, msichomelee kitu hapo.

Na njia isiwe sawa na mdomo. Wajenzi wa matangi makubwa ya mafuta yaliyo wazi huiweka kama mita 1.1 chini yake, na ukuta wenyewe unakuwa ukingo wa upande wa maji. Mtu anafika kifuani, hawezi kutumbukia. Upande wa nje ndio unahitaji reli ya mikono, na kibao kidogo chini ili ndoo isimwangukie mtoto.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho ya pesa, pimeni upana wa tangi kwa kamba likiwa tupu, kwenye mdomo, mara mbili kwa msalaba. Kisha pakieni magunia ya mchanga kwenye njia, yazidi uzito wa watu watakaopanda, yalale hapo usiku mmoja, na mtu yeyote asipite chini. Asubuhi pimeni tena. Kamba ikionyesha tofauti, fundi arudi na mashine yake.