Plastiki Isiyoliwa na Asidi: Faida Zake na Hatari ya Moshi Wake



Viwandani mwetu kuna plastiki nyeupe yenye utelezi kama nta ya mshumaa. Fundi bomba huizungusha kama utepe kwenye meno ya bomba. Fundi mitambo huikuta katika gasketi, vali na beringi. Kwa kifupi huandikwa PTFE, na wengi huijua kwa jina la biashara, Teflon. Iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, Marekani. Gesi iliyokuwa ndani ya mtungi wake iligeuka unga mweupe.

SIFA ZAKE

Plastiki hii ni kaboni na florini tu, vitu viwili vilivyoshikana kwa nguvu sana. Kwa hiyo asidi ya salfa, asidi ya naitriki, sodakostiki na petroli haziili. Haipitishi umeme, na vitu havigandi juu yake. Ndiyo sababu hupakwa kwenye vikaango. Huvumilia joto la hadi nyuzi 260 za Sentigredi.

Lakini ni laini. Gasketi yake ikibanwa kwa muda mrefu hutambaa na kuwa nyembamba, na bomba la asidi huweza kuanza kuvuja. Boliti zake zikaguliwe na kukazwa upya, mtambo ukiwa umezimwa na bomba halina shinikizo.

HATARI YAKE

Ikiwa baridi, plastiki hii haimdhuru anayeishika. Hatari huja ikiunguzwa. Joto likipita nyuzi 300 na zaidi, huanza kutoa moshi ambao pengine hauonekani kwa macho. Aliyeuvuta huweza kumaliza zamu akiwa mzima, kisha baada ya saa kadhaa akashikwa na homa, kutetemeka, kikohozi na kubanwa kifua. Kwetu ni rahisi kudhani ni malaria. Kwa kawaida hali hiyo hupoa kwa siku moja au mbili. Lakini joto likizidi sana hutoka gesi za sumu zinazoweza kujaza maji mapafuni na kuua.

Sigara nayo ni mlango wa ugonjwa huu. Chembe za plastiki zilizo vidoleni huingia kwenye sigara, huungua, na mvutaji huvuta moshi wake.

Kwa hiyo:

(a) Usichomelee bomba kabla ya kuondoa gasketi na utepe wake.

(b) Usiunguze kipande ili kujua ni plastiki gani, wala usichome mabaki pamoja na takataka.

(c) Nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara, na usiweke sigara mfukoni mwa nguo za kazi.

(d) Ukipata homa baada ya kazi hiyo, mweleze mganga ulikuwa ukifanya nini. Kifua kikibana, nenda hospitali mara moja.

Mwajiri ana wajibu wa kuweka feni ya kuvuta moshi na mahali pa kunawia. Kama havipo, mwambieni mwakilishi wa tawi lenu alipeleke jambo hilo kwa uongozi wa kiwanda, kwa maandishi.