Eka Mbili za Dumila

Nitajie makao makuu ya mkoa, nami nitakutajia uwanja wake. Mbeya ni Sokoine, Tanga Mkwakwani, Songea Majimaji, Mwanza CCM Kirumba. Kwetu Morogoro ni Jamhuri. Viwanja vingi vya aina hiyo vilijengwa enzi za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi, na hadi leo vingi viko mikononi mwa CCM. Kila mkoa ulitaka wake, ukajengwa anakokaa mkuu wa mkoa.

Nje ya hapo, uwanja umefuata ajira. Turiani kuna Manungu kwa sababu kuna kiwanda cha sukari, na kutoka mashamba yale ya miwa Mtibwa Sugar walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000. Dar es Salaam ndiko vilikorundikana: Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa 2007 ukiwa na viti 60,000, umepakana na Uhuru, na Chamazi si mbali.

Dumila hatuna kiwanda kama hicho, wala mkuu wa wilaya, maana yeye yuko Kilosa. Tuna njia panda, malori ya Dodoma, nyanya, vitunguu na watoto wengi.

Mimi nina duka, na jioni nafundisha wasichana netiboli kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mistari tunachora kwa majivu ya jikoni. Goli ni mti wa mkaratusi uliofungwa ringi ya nondo, aliyoikunja fundi wa kuchomelea. Wavulana wakianza mpira wa miguu, sisi tunasogea pembeni, kwenye mteremko uliochimbwa na maji ya masika. Hapo msichana akirukia mpira, macho yake yako chini, anatafuta pa kutua. Huwezi kumfundisha mtu kudaka huku anatazama chini. Hilo linaniuma kuliko kukosa jezi, kwa sababu safari ya kwenda kwenye mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, huanzia shuleni, na huyu anaachwa nyuma kabla hajaitwa hata kwenye mchujo.

Uwanja kamili wa mpira wa miguu, mita 105 kwa 68, haufiki eka mbili. Wa netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, haujazi hata nusu ya robo eka. Ardhi hiyo bado ipo Dumila, lakini inakwenda haraka: kila penye uwazi karibu na barabara pananyanyuka fremu za maduka. Hata upande wa Mto Mkundi watu wanatamani kujenga, ingawa mafuriko ya Januari 2014 yalibomoa nyumba na kukata barabara kuu pale darajani. Uwanja ukifunikwa na maji hukauka ukachezwa tena. Nyumba ya tope haina bahati hiyo.

Nchi inajiandaa kwa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha inapata uwanja mpya wa watu 30,000. Nafurahi kwa dhati. Ila wachezaji wa kuvijaza viwanja hivyo wanalelewa huku.

Wenyeviti wetu wa vijiji na vitongoji, nawaomba: kabla wapimaji hawajasimika bikoni, itisheni mkutano, zitengwe eka mbili, ziandikwe kwenye ramani kuwa ni uwanja wa michezo. Nanyi wazazi, siku hiyo msikose.