Bluu ya Ziwa Inapofika Karatasini

Picha ilipigwa Busisi saa tatu asubuhi, mlangoni mwa kibanda cha mama mmoja anayeuza sato wa kukaanga. Daraja la J.P. Magufuli linaondoka ukingoni na kuikata ghuba ya ziwa, kama kilomita 3 hadi Kigongo, na chini yake maji ni bluu kali. Mama alitaka picha hiyo iwe kwenye kalenda za kuwagawia wateja. Tangu daraja lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, watu hawakai tena kusubiri kivuko wakinunua samaki, naye anataka wanaopita kwa gari wakumbuke kushuka. Nikamwandalia. Zilipotoka kiwandani alishika moja, akailaza kando ya simu yake, akanyamaza kidogo.

“Mwanangu, ziwa langu umelipeleka wapi?”

Lilikuwa limepauka na kuelekea zambarau. Mteja akiona hivyo hudhani mchapaji amebania wino. Mchapaji hakubania chochote. Kosa lilikuwa langu, na linatokea kila siku kwenye steshenari zetu za Mwanza, kwa hiyo nalieleza.

Dondosha tone dogo la maji kwenye kioo cha simu kinachowaka weupe, kisha uchungulie ndani yake. Tone hufanya kazi ya lenzi, na weupe utaparaganyika kuwa vichembe vyekundu, kijani na bluu. Simu haina mwanga mwingine zaidi ya huo wa aina tatu. Ikiwasha vyote kwa pamoja unaona nyeupe. Ikizima vyote, nyeusi. Ikiwasha bluu peke yake, bluu hiyo inatoka kwenye kioo na kuingia jichoni moja kwa moja. Siri hii James Clerk Maxwell aliionyesha London mwaka 1861, kwa picha tatu za utepe wa rangi alizozirusha ukutani moja juu ya nyingine, kila moja kwa mwanga wake. Mafundi tunaiita RGB.

Karatasi haiwaki. Inasubiri mwanga wa jua au wa taa uiangukie, nayo iurudishe. Wino ukipakwa juu yake kazi yake ni kumeza sehemu ya mwanga huo: saiani humeza wekundu, majenta humeza ukijani, njano humeza ubluu. Kinachobaki ndicho unachokiona. Wino mweusi huongezwa kwa sababu zile tatu zikirundikana hutoa kahawia yenye tope, haifiki weusi wa kweli. Hiyo ndiyo CMYK, na tabia yake ni moja: kila wino unaoongeza unapunguza mwanga. Kwenye simu, kuongeza ni kung'arisha. Kwenye karatasi, kuongeza ni kutia giza.

Sasa fikiria bluu ya ziwa. Mashine ya uchapaji haina wino wa bluu. Inaitengeneza kwa kulaza vitone vya majenta juu ya vitone vya saiani, na wino hizo mbili hazimezi kwa usafi. Saiani, mbali na wekundu wake, humeza pia kiasi cha kijani na bluu; majenta nayo hugusa bluu. Kwa hiyo ile bluu tuliyotaka ibaki nayo inaliwa njiani. Programu yangu ilipogeuza picha bila mimi kuiangalia, ilitia majenta nyingi mno, ndipo ziwa likawa zambarau. Zaidi ya hapo nilikuwa nimechagua karatasi isiyopakwa, ile inayokunywa wino. Vitone vilitanuka na picha nzima ikafifia.

Ila isidhaniwe kwamba karatasi inashindwa kila mahali. Saiani tupu, ikichapwa kwenye karatasi nzuri, ni rangi ambayo skrini nyingi za kawaida haziwezi kuionyesha sawasawa. Bluu ya bendera yetu iko jirani na saiani, ndiyo maana hutoka vizuri. Taabu huanza kwenye bluu nzito, kijani kinachowaka, machungwa ya machweo na ile rangi ya waridi ya mjusi dume wa kwenye miamba ya Mwanza. Kwa rangi kama hizo wanaochapa kanga wana njia bora kuliko yetu: wanaikoroga bluu yenyewe kabla, kisha kila rangi inapita kwenye fremu au silinda yake. Hata mchapaji wa karatasi anaweza kuomba wino maalumu uliochanganywa hivyo, mradi mteja akubali gharama ya plati ya ziada.

Mama hakuwa na fedha hiyo, na sikuona haki alipie uzembe wangu. Nikarudia kazi. Safari hii nilifungua picha nikiwa nimewasha onyesho la CMYK tangu mwanzo, kwa vipimo vya karatasi ya kung'aa tuliyopanga kutumia safari hii. Nikaacha saiani asilimia 100 palipo na kina kirefu, nikashusha majenta hadi 60, maana zikikaribiana sana zambarau hurudi. Halafu nikatia giza mawe ya ufukweni na kivuli cha nguzo. Jicho hupima rangi kwa jirani zake: jiwe likizama, maji yaliyo kando yake yanainuka, ingawa wino wake haujaongezwa hata tone.

Nikachapa nakala moja kwanza, nikavuka nayo hadi Busisi. Mama aliipokea, akatoa simu, kisha akairudisha mfukoni. Akatoka nje na kuiinua kalenda mbele ya ziwa lenyewe. Upepo ulikuwa umeyatibua maji na wingu limetanda, ghuba yote ya kijivu hadi Kigongo. Akatazama kalenda, akatazama maji.

“Hii leo imelishinda,” akasema. “Chapa zote.”