Makande hayaivi haraka: Hesabu ya nishati safi katika jiko la Lushoto

Anayepika makande anajua. Mahindi na maharage makavu hukaa jikoni saa tatu, wakati mwingine zaidi, na kama hukuloweka usiku, usishangae jua linazama na sufuria bado inachemka. Kule Lushoto, ambako baridi ya Julai huingia mpaka mifupani, moto huohuo ndio unaopasha nyumba joto. Ndiyo maana mtu akipanda mlima na habari za nishati safi ya kupikia, swali la kwanza atakaloulizwa halihusu mazingira. Ataulizwa: jiko lako litaivisha makande?

Swali hilo lina haki yake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Tumeanzia mbali, kwani mwaka 2021 walikuwa asilimia 6.9 tu. Serikali inakadiria kuwa zaidi ya watu 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa sababu ya moshi wa majumbani, na anayeuvuta zaidi ni mama, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Ukipanda kutoka Mombo, ukapita Soni hadi Lushoto mjini na kuendelea juu kuelekea Magamba, utakutana na mizigo ya kuni ikiteremka. Chini ya kila mzigo yupo mwanamke au msichana. Msitu wa asili wa Magamba unalindwa, na lazima ulindwe, maana mito inayomwagilia kabichi, karoti na viazi vya mabonde yale inatoka humo. Lakini sufuria haisubiri. Hapo ndipo penye mvutano.

Mtungi wa gesi umefika, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukiuza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Unafaa kwa chai ya asubuhi, mboga na uji wa mtoto. Makande yanarudi kwenye mafiga matatu, kwa sababu hakuna mama atakayeuacha mtungi uwake saa tatu huku akijua kuujaza tena ni mpaka mavuno yauzwe. Kwa hiyo nyumba nyingi zina majiko mawili, la mgeni na la kweli.

Umeme nao una nafasi yake kuliko watu wanavyodhani. Jiko la presha la umeme huivisha maharage bila kumaliza hata uniti moja, kwa kuwa likishapata joto hujizima na kujiwasha lenyewe. Shida ni kununua jiko lenyewe, na pia ngazi ya bei: mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, akizidi anaingia kwenye 350. Zote hizo ni kabla ya kodi. Mwenye taa, simu na redio tu anaweza kupika humo bila kuvuka, akiwa mwangalifu.

Lakini ukiniuliza kinachoifaa zaidi milima hii, nitaelekeza kidole kwenye banda la ng'ombe. Tangu mradi wa SECAP ulipoanza mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani, wakulima wengi wa Lushoto walizoea kupanda majani ya malisho kwenye kontua na kufuga ng'ombe ndani. Samadi iko mlangoni. Mtambo wa biogesi wa mita za ujazo 6, wa kuba lililofukiwa ardhini kama ule uliotengenezwa na CAMARTEC ya Arusha, huhitaji samadi kilo 40 hivi kwa siku. Ng'ombe wawili wa ndani wanaitoa. Unaichanganya na maji kiasi hichohicho, unaimimina, na vijidudu visivyohitaji hewa vinafanya kazi gizani. Gesi inayotoka inatosha kupika saa tatu hadi nne. Makande yanaiva! Tope linalobaki ni mbolea iliyopoa, na kabichi huipenda.

Baridi huwalegeza vijidudu hao, hivyo gesi hupungua msimu wa kipupwe. Na ujenzi si pesa ya kuuza debe moja la viazi.

Ila kikwazo ninachokiona kikubwa zaidi ni kazi. Kilo 40 za samadi zinahitaji ndoo mbili za maji kila siku, na maji Usambara mara nyingi yako bondeni huku nyumba iko juu. Majani ya ng'ombe nayo lazima yakatwe. Mama aliyepumzishwa kuni anaweza kujikuta amekabidhiwa ndoo. Wazee wa huku hawahitaji kufundishwa jambo hili: miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Wasambaa kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko, kazi ikaongezeka mno, watu wakagoma, na mpango ukaachwa mwaka 1957. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Aliyetakiwa kushika jembe ndiye hakuulizwa.

Kwa hiyo, baba, kabla hujamwita fundi, kaeni na mama mezani. Nani atachota maji? Mkojo wa ng'ombe unaweza kupunguza maji yanayohitajika, kwa hiyo sakafu ya banda isakafiwe, iwe na mteremko kuelekea kwenye mtambo. Paa liwekewe mfereji na tangi. Na ada ya shule ikibana, ng'ombe gani atauzwa? Akibaki mmoja, gesi inashuka kwa nusu, na mtambo usiolishwa hugeuka shimo la gharama.

Na shule? Zile zenye kulisha zaidi ya watu 100 zilipewa mpaka Januari 31, 2024 kuacha kuni na mkaa. Chakula cha mchana cha wanafunzi katika shule nyingi ni makande. Mzazi ukienda kwenye kikao cha shule, ingia jikoni kwanza, ukaone kinachowaka chini ya sufuria.