Nadharia za Wakati na Mahali kama Chemchemi ya Bunilizi ya Kisayansi: Funzo kwa Mwandishi wa Kiswahili

Utangulizi

Fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hii imerudiwa mara nyingi katika kumbi za mihadhara hata imekuwa kama ada. Hata hivyo, si lazima kioo kielekezwe kwa yaliyopita na yaliyopo peke yake. Upo utanzu ambao kioo chake huelekezwa mbele na juu, kwa yale yanayoweza kuwa: nao ni bunilizi ya kisayansi. Wapo wasomi na wanafunzi wa Kiswahili wanaouona utanzu huu kuwa mali ya wageni. Sababu zinazotolewa kwa kawaida ni mbili: kwamba lugha ya Kiswahili haina istilahi za kuubeba, na kwamba sayansi yenyewe ni ngumu kwa mtu wa fasihi.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sababu zote mbili hazina mashiko. Kwanza, yanafafanua kwa muhtasari nadharia za kisayansi kuhusu wakati na mahali. Pili, yanachunguza jinsi waandishi mbalimbali walivyozigeuza nadharia hizo kuwa visa. Tatu, yanaitazama lugha ya Kiswahili na riwaya yake ili kubainisha mtaji alio nao mwandishi chipukizi.

Wakati na mahali katika fizikia

Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687 kiitwacho Principia, aliuchukulia wakati kuwa kitu kinachopita kwa mwendo mmoja kila mahali, bila kujali nani anaupima. Mahali nako kulikuwa kama jukwaa tupu: wahusika huingia na kutoka, jukwaa halibadiliki. Mawazo haya yalitawala kwa zaidi ya karne mbili, nayo yanaafikiana na maono ya kila siku.

Mwaka 1905, Albert Einstein aliyatikisa. Alianza na jambo moja: kwamba kasi ya nuru, ambayo ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ni ile ile kwa kila mpimaji, awe amesimama au anasafiri. Ikiwa kasi hiyo haibadiliki, basi lazima vitu vingine vibadilike, navyo ni urefu wa vitu na mwendo wa saa. Saa inayosafiri huenda polepole ikilinganishwa na saa iliyosalia nyumbani. Mwaka 1908, Hermann Minkowski, aliyekuwa mwalimu wa Einstein wa hisabati, alipendekeza kwamba wakati na mahali visitenganishwe tena, bali vitazamwe kama kitu kimoja chenye pande nne. Mwaka 1915, Einstein aliongeza kwamba vitu vyenye uzito mkubwa huupinda mfumo huo wa wakati na mahali, hata saa iliyo karibu na kitu kizito ikachelewa nyuma ya saa iliyo mbali nacho.

Mambo haya si ndoto. Mnamo Oktoba 1971, wanasayansi wawili, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria wakiwa na saa nne za atomiki, wakaizunguka dunia kuelekea mashariki na kisha kuelekea magharibi. Waliporudi, saa zilizokwenda mashariki zilikuwa zimechelewa kwa nanosekunde 59 hivi, na zile zilizokwenda magharibi zilikuwa zimetangulia kwa nanosekunde 273 hivi, zikilinganishwa na saa zilizobaki ardhini. Leo hii, saa zilizomo katika setilaiti zinazoiongoza simu ya mkononi kumwonyesha mtu njia hurekebishwa kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku kwa sababu ya nadharia hizi. Zisiporekebishwa, makosa ya mahali yangelimbikizana kwa kadiri ya kilomita 10 kila siku. Anayefuata ramani ya simu kutoka Nairobi hadi Kisumu anamtegemea Einstein pasipo kujua.

Kisa cha Kurwa na Doto

Mwaka 1911, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alitoa mfano wa msafiri anayeondoka duniani kwa kasi kubwa na kurudi akiwa hajazeeka kama waliobaki. Mfano huo ulikuja kuelezwa kwa kutumia mapacha. Kiswahili tayari kina majina ya mapacha hao: Kurwa, aliyetangulia kuzaliwa, na Doto, aliyemfuata.

Tuseme wote wawili wana umri wa miaka 20. Kurwa anapanda chombo cha angani kinachokwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, kuelekea nyota iliyo umbali wa miaka minne ya nuru. Kwa saa za duniani, safari ya kwenda inachukua miaka mitano, na ya kurudi mitano. Kwa saa ya Kurwa, safari nzima imechukua miaka sita tu. Anaposhuka chomboni, Kurwa ana umri wa miaka 26, naye Doto aliyekuwa akimngoja ana miaka 30.

Mwanafizikia hukomea hapo, kwa kuwa hesabu imekamilika. Mtu wa fasihi huanzia hapo. Je, nani sasa ndiye mkubwa? Kurwa bado ni mtangulizi kwa kuzaliwa, lakini Doto amemzidi kwa miaka aliyoishi. Kasi ikiongezwa hadi asilimia 99.5 ya kasi ya nuru, mwaka mmoja wa msafiri huwa sawa na miaka kumi ya nyumbani. Mama wa miaka 30 aliyemwacha mtoto wa miaka miwili atarudi akiwa na miaka 35, amkute mwanawe ana miaka 52 na mvi kichwani. Nani amwamkie mwenziwe shikamoo? Mume aliyesafiri kwa miaka miwili yake, mkewe akamngoja kwa miaka ishirini, anarudi kwa mke au kwa mjane? Vijana walioingia jandoni siku moja wataendelea kuwa rika moja?

Maswali haya hayana haja ya istilahi ngeni. Yanahitaji jamii ambayo umri, rika na heshima vina uzito, nayo jamii ya Waswahili na majirani zake ni ya namna hiyo. Mgogoro ambao mwandishi wa kwingine angelazimika kuubuni, mwandishi wa Kiswahili anaukuta umejengwa tayari katika salamu.

Waandishi walivyozitumia nadharia hizi

H. G. Wells alichapisha The Time Machine mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Einstein kutoa nadharia yake. Msafiri wake anaueleza wakati kuwa upande wa nne, kisha anakwenda hadi mwaka 802,701. Huko anakuta binadamu amegawanyika kuwa viumbe wa aina mbili: Eloi wanaoishi juu ya ardhi kwa raha, na Morlock wanaoishi chini gizani wakiendesha mitambo, na ambao huwala Eloi. Wells alikuwa mwanafunzi wa elimu ya viumbe. Aliuchukua mgawanyiko wa kitabaka alioushuhudia Uingereza, akaupa muda mrefu wa kutosha ili uzae matokeo yake. Kwa hiyo mashine ile haikuwa pambo. Ilikuwa chombo cha kumwezesha msomaji kuona mwisho wa dhuluma aliyoizoea.

Joe Haldeman, aliyepigana katika vita vya Vietnam, alichapisha The Forever War mwaka 1974. Wanajeshi wake husafiri kwa kasi kubwa hadi vitani katika nyota za mbali. Kwao vita ni vya miaka michache, lakini duniani karne zinapita. Wanaporudi, lugha, mila na hata sababu za vita vimewapita. Nadharia ya Einstein hapa imekuwa sitiari ya askari anayerudi nyumbani asikoeleweka tena.

Uhusiano huu hauendi upande mmoja. Carl Sagan alipokuwa akiandika riwaya yake Contact, iliyotoka mwaka 1985, alimwomba mwanafizikia Kip Thorne amsaidie kutafuta njia ya kumsafirisha mhusika wake hadi nyota za mbali bila kuvunja kanuni za sayansi. Swali hilo la kifasihi lilimfanya Thorne achunguze upya njia za mkato zinazodhaniwa kuweza kuunganisha sehemu mbili za anga. Mwaka 1988, yeye na Michael Morris walichapisha makala ya kitaaluma kuhusu suala hilo. Thorne huyo huyo alikuwa mshauri wa filamu Interstellar ya mwaka 2014, ambamo saa moja kwenye sayari iliyo karibu na shimo jeusi ni sawa na miaka saba duniani, na baba anarudi chomboni kukuta watoto wake wamekuwa watu wazima. Tukio linalowaliza watazamaji si shimo jeusi, bali ni baba anayesikiliza salamu za miaka 23 kwa mkupuo mmoja.

Wakati na mahali katika Kiswahili

Mwanaisimu wa Kiswahili ana jambo la kuchangia katika mjadala huu. Tuchukue kirejeshi -po-. Katika sentensi "Pale alipolala pana baridi", -po- inarejelea mahali. Katika "Alipolala, mvua ilianza kunyesha", -po- hiyo hiyo inarejelea wakati. Vivyo hivyo, "papo hapo" ni mahali na ni mara moja. Hata fomyula ya kufungulia ngano, "Hapo zamani za kale", inatumia kionyeshi cha mahali kutupeleka katika wakati. Haifai kudai kwamba wahenga walimtangulia Einstein, kwa maana lugha nyingi duniani huazima msamiati wa mahali kuelezea wakati. Inalofaa kusema ni kwamba wazo la wakati na mahali kuwa kitu kimoja halimkai vibaya mzungumzaji wa Kiswahili mdomoni.

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza dhana ya wakati. Alidai kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika wakati huelekea nyuma, na kwamba mustakabali wa mbali karibu haupo. Dai hili limepingwa na wanafalsafa kadhaa, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana. Kiswahili chenyewe kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na washairi wa Upwa wametunga kwa karne nyingi kuhusu Kiyama, ambayo ndiyo mbele ya mbali kuliko zote. Hata hivyo, iwe Mbiti alipatia au alikosea, hoja yake ni mbegu njema ya hadithi: jamii ambayo wafu wake waliotajwa majina bado wamo katika Sasa itampokeaje msafiri anayerudi baada ya kuzikwa bila maiti?

Hatua zilizokwisha kupigwa

Riwaya ya Kiswahili haianzi na mikono mitupu. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi alimrusha mhusika wake Dzombo angani kama adhabu ya kifo, akamfikisha katika sayari yenye jamii ya haki. Jina la sayari hiyo likikatwa vipande linasomeka "wale ni sisi". Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliuvuruga mfululizo wa wakati na mipaka ya mahali. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed alimrudisha babu aliyekufa kwa mjukuu wake K. Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) alimpitisha mhusika wake katika mabara na historia. Kati ya hizi, ya Mkangi ndiyo iliyokaribia zaidi bunilizi ya kisayansi. Nyingine zimeuvunja wakati kwa falsafa na mizuka kuliko kwa fizikia. Mlango, basi, uko wazi nusu.

Nyenzo za kuingilia nazo ziko karibu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Uchunguzi wake wa chanzo kiitwacho Cygnus X-1 ulichangia sana kukifanya kitu hicho kuwa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Mahali ambapo wakati hupindika kupita kiasi palichunguzwa kwa chombo chenye jina la Kiswahili, kilichopaa mbele ya macho ya wavuvi wa Pwani. Hapo pana riwaya inayomngoja mwandishi wake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nadharia za wakati na mahali huwa chemchemi ya bunilizi pale tu zinapogusa uhusiano wa watu. Mwandishi chipukizi azingatie mambo matatu: achague kanuni moja ya kisayansi na kuiheshimu hadi mwisho, amtafute mtu ambaye kanuni hiyo itamuumiza, na ayaeleze yote kwa maneno ambayo nyanya yake angeyaelewa. Mikhail Bakhtin, aliyeiita nasaba ya wakati na mahali katika riwaya kronotopu, alikiri kuwa aliliazima neno hilo kutoka kwa sayansi na nadharia ya Einstein. Ikiwa mhakiki aliazima, mtunzi ana udhuru gani? Asemaye kwamba Kiswahili hakiwezi amejaribu kuandika ukurasa mmoja? Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti kwanza aingie uwanjani.