Akademia ya Monro

Akademia ya Monro ni jina la mikutano ya wachoraji vijana iliyofanyika London, Uingereza, nyumbani kwa daktari Thomas Monro (1759–1833). Haikuwa shule rasmi, bali ufadhili wa mtu mmoja aliyependa na kukusanya picha za rangi za maji.

Monro alikuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem. Kuanzia mwaka 1794 alimtibu mchoraji John Robert Cozens, na michoro ya Cozens ikawa kielelezo kwa vijana hao. Walifanya kazi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku: Thomas Girtin alichora mistari, na J. M. W. Turner alipaka rangi. Wote wawili walizaliwa mwaka 1775. Turner alilipwa shilingi 3 na peni 6 kwa kila jioni. Baadaye walifika pia John Sell Cotman na Peter De Wint.

Vijana walipata ujira na mazoezi, lakini picha zilibaki mali ya mfadhili. Girtin alifariki mwaka 1802. Monro alipofariki, mkusanyo wake uliuzwa kwa mnada mwaka 1833. Turner, ambaye tayari alikuwa maarufu, alinunua baadhi ya picha hizo.